Naongoza maombi ya akina mama, lakini usiku naogopa kulala

Shikamoo Shangazi, na Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka 36. Niliokoka nikiwa bado msichana, na sasa ni kiongozi wa kikundi cha maombi cha akina mama kanisani kwetu. Nakuandikia kwa siri. Hata mume wangu hajui.

Mwaka jana kaka yangu alifariki usingizini. Usiku ule tuliongea kwenye simu, tukacheka, akasema anakwenda kulala. Asubuhi hakuamka. Hospitali walisema ni moyo. Alikuwa mcha Mungu kuliko sisi wote tuliozaliwa naye, na ndiye aliyenileta kwa Yesu. Nililia, tukazika, nikarudi kwenye huduma. Watu wakasifu jinsi nilivyokuwa imara.

Miezi kama mitatu baadaye nikaanza kuogopa kulala. Mwanzoni nilikuwa naamka mara moja kwenda kuangalia kama watoto wanapumua. Sasa ni mara nne, mara tano kwa usiku, nasimama na mkono juu ya kifua cha mtoto mpaka nihakikishe. Mdogo ameshaanza kuniuliza, "Mama, unatafuta nini?" Simu ikilia usiku natetemeka kabla sijaipokea. Mara mbili moyo umenienda mbio ghafla, mikono ikafa ganzi, pumzi haishuki, nikajua ndiyo nakufa. Tulienda hospitali, wakapima moyo, wakasema uko salama. Daktari akaniuliza kama nina mawazo. Nikasema sina.

Kabla ya kulala naomba nikiwataja watoto, mume wangu, mama yangu na ndugu zangu, kila mmoja kwa jina lake. Nikihisi nimeruka jina, au akili ilitangatanga katikati, narudia kuanzia mwanzo, maana nawaza huyo niliyemruka ndiye atakayepatwa na jambo. Kuna siku naomba hadi saa nane usiku. Wenzangu wangesema nina mzigo wa maombi. Shangazi, ni woga tu.

Nilijaribu kumweleza dada mmoja ninayehudumu naye. Akaniambia nina roho ya woga, akainukuu 2 Timotheo 1:7, akanikemea pepo. Nilitulia siku chache, ikarudi. Akasema basi kuna mlango nimeufungua mwenyewe. Kisha akanisomea Ayubu 3:25, kwamba lile alilolicha ndilo lililompata, hivyo nisipoacha kuogopa nitawaletea wanangu kifo kwa mawazo yangu. Tangu siku hiyo naogopa hata kuogopa. Na katika mahubiri tulishafundishwa kwamba "usiogope" imeandikwa mara 365 kwenye Biblia, moja kwa kila siku ya mwaka, kwa hiyo anayeogopa anaasi kila siku.

Sasa kijana wangu wa miaka 12 ana safari ya shule ya siku tatu. Nimekataa. Amelia, baba yake ananiuliza sababu, sina ya kusema. Fomu bado iko kwenye mkoba wangu.

Niambie ukweli. Imani yangu ilikuwa ya maneno tu? Nifanye nini na hii safari? Na niachie uongozi? Maana nasimama mbele ya wenzangu nikiwaambia wamtwike Bwana fadhaa zao, halafu usiku nazunguka nyumba nikigusa vifua vya watoto.

Mama Asiyelala

---

Marahaba, binti yangu, na Bwana asifiwe milele.

Pole kwa kaka yako. Naanzia hapo kwa sababu katika barua yako yote kifo chake umekipa mistari michache, kisha ukakimbilia kwa watoto. Nadhani hata maishani ulipita hivyo hivyo. Ulizika, ukarudi kwenye huduma, watu wakakusifu kwa uimara wako. Sifa nyingine zina gharama. Hakuna aliyekupa nafasi ya kuwa dada aliyefiwa, na wewe hukuidai. Mwili umeidai kwa niaba yako.

Swali la kwanza nalijibu bila kuzunguka: imani yako haikuwa ya maneno. Una hofu iliyozaliwa na msiba, na juu yake umebebeshwa hofu ya pili, ile ya kuogopa kwamba unaogopa. Hiyo ya pili ulibebeshwa na watu, tena wakiwa na Biblia mkononi. Tuitue hiyo kwanza, kwa sababu ukiwa nayo mabegani huwezi hata kuigusa ile ya kwanza.

Yule dada alikusomea Ayubu sura ya tatu. Ningependa angeanzia sura ya kwanza. Humo Mungu mwenyewe anamwita Ayubu mtu mkamilifu na mwelekevu, na sababu ya mateso yake tunaonyeshwa wazi: ni mambo yaliyozungumzwa mbele za Mungu, Ayubu akiwa hana habari. Hofu yake haitajwi popote kama chanzo. Maneno ya 3:25 ni kilio cha mtu aliyezika watoto kumi na kufunikwa na majipu, anasema yale ambayo mfiwa yeyote husema: hiki ndicho nilichokuwa nakiogopa. Kukigeuza kilio cha mfiwa kuwa kanuni ya namna misiba inavyokuja ni ukatili, hata kama aliyefanya hivyo alikuwa na nia njema. Tena ukifika sura ya 42 utakuta Mungu amewakasirikia wale marafiki watatu waliokuwa wakitafuta kosa ndani ya Ayubu, na kusema kwamba aliyenena yaliyo sawa ni Ayubu, pamoja na vilio vyake vyote. Mawazo yako ya saa nane usiku hayana uwezo wa kumuua mtu. Hayakumuua kaka yako, ambaye usiku ule hukuwa na wazo lolote baya juu yake, mlikuwa mnacheka.

Na 2 Timotheo 1:7? "Maana Mungu hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi." Ni andiko zuri, silipunguzi hata kidogo. Ila soma lilivyoandikwa. Mistari mitatu juu yake Paulo anamwambia Timotheo kwamba anayakumbuka machozi yake. Anamwita mwanangu mpendwa. Anamwandikia akiwa kwenye minyororo, akimtaka asione haya kumshuhudia Bwana wala kumwonea haya yeye mfungwa. Ni baba anamtia moyo kijana anayelia, anamkumbusha alichokwisha kupewa. Hamkemei. Hamwambii ana pepo.

Kuhusu hesabu ya 365, nami nimeisikia mimbarani mara nyingi. Mwenye itifaki ya Biblia, kile kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mahali yanapopatikana, na jioni moja ya nafasi anaweza kukaa akahesabu mwenyewe, haifiki huko. Lakini hata ingefika, angalia neno hilo linaambiwa nani. Hajiri amemweka mtoto wake chini ya kijiti jangwani, maji yameisha, hataki kumwona akifa. Wachungaji wa kondoo usiku wa Bethlehemu wameingiwa na hofu kuu. Paulo yuko melini, dhoruba imewapiga siku nyingi na tumaini la kuokoka limekatika. Wote hao walikuwa tayari wanaogopa, na Mungu akasema nao wakiwa hivyo hivyo. Mwanao akishtuka gizani akakuita, unamwambia "usiogope" huku unamkumbatia. Humfungulii mashtaka ya uasi.

Hofu yenyewe ina kazi yake. Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mama asiyeogopa chochote ni mama wa hatari. Shida yako ni kwamba hofu iliyotakiwa ifanye kazi kwa dakika imehamia nyumbani.

Sasa twende kwenye lile ambalo nadhani ndilo linalokunyima usingizi hasa, na ambalo hukuliandika moja kwa moja. Kaka yako alikuwa mcha Mungu, na alikufa. Kwa hiyo ukiambiwa "mwamini Mungu, hakuna baya litakalotokea," moyo wako unajua kwamba si kweli. Unajua kwa ushahidi. Kisha unajilaumu kwa kushindwa kuamini jambo ambalo Mungu hakuliahidi.

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 12. Herode amemuua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Akaona imewapendeza watu, akamkamata na Petro, akamweka mikononi mwa vikosi vinne vya askari wanne wanne. Usiku wa kuamkia siku ya kutolewa mbele ya watu, Petro amelala kati ya askari wawili, amefungwa kwa minyororo miwili. Amelala kabisa, hata malaika anapoingia na nuru kujaa chumbani haamki mpaka apigwe ubavuni.

Wahubiri wengi husema alilala kwa sababu alijua ataokolewa. Andiko halisemi hivyo. Alipokuwa akitolewa alidhani anaona maono, akili ikamrudia tayari yuko nje, njiani. Na kanisa lililokuwa likimwombea kwa juhudi usiku ule halikutarajia pia: kijakazi Roda aliposema Petro yuko mlangoni, walimwambia ana wazimu. Kwa hiyo Petro hakulala kwa kuwa ameahidiwa kesho njema. Alichokuwa anakijua usiku ule ni kwamba Yakobo, mtu waliyevua naye samaki tangu kabla hawajaitwa, ameshauawa na gereza halikufunguka. Sidhani kama kanisa lilisahau kumwombea Yakobo. Sura hiyo moja ina mwaminifu aliyeuawa na mwaminifu aliyetolewa, na Luka hatuelezi kwa nini. Nami sitajifanya najua kwa nini kaka yako hakuamka.

Ninachokiona ni kwamba usingizi wa Petro haukutegemea jibu la swali hilo. Wale vijana watatu mbele ya tanuru la Babeli nao walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza maneno ambayo nakuomba uyaweke karibu: "Bali kama si hivyo." Imani yao ilikuwa na nafasi ya "kama si hivyo" ndani yake. Ya kwako kwa sasa haina. Umeambiwa kwamba kulifikiria hilo ni ukosefu wa imani, hivyo unalikimbia mchana, nalo linakungoja usiku. Siku moja, mchana, ukiwa umetulia, liseme mbele za Mungu kwa sauti: naogopa kwamba wanangu wanaweza kufa kama kaka yangu. Kisha mwambie unachokitaka. Yesu pale Gethsemane alifadhaika, akasema anachokitaka, kwamba kikombe kimwondokee, ndipo akaongeza "walakini." Hakuanzia kwenye walakini.

Na usidhani Petro alipona woga moja kwa moja siku ile gerezani. Kabla ya hapo alikuwa ameanza kuzama ziwani akipiga kelele, akamkana Bwana penye moto kwa kuulizwa na kijakazi. Baadaye Paulo anaandika kwa Wagalatia kwamba huyo huyo Petro, Antiokia, alijitenga na meza ya watu wa Mataifa kwa kuwaogopa waliotoka Yerusalemu. Kulala kwenye minyororo halafu kuogopa watu mezani! Ujasiri haupewi mara moja ukaisha kazi. Ukipata wiki nzuri kisha ukarudi nyuma, usiite kwamba kuna mlango umeufungua.

Niseme sasa kuhusu maombi yako, na hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Kutaja majina na kurudia mwanzo ukiruka mmoja, kwa sababu uliyemruka atapatwa na jambo, hayo yameacha kuwa maombi. Yamekuwa hirizi. Yana masharti, na ukikosea sharti kuna adhabu. Baba unayemhubiri kwa akina mama hafanyi kazi hivyo. Katika Mathayo sura ya sita Yesu anakataza kupayuka-payuka kama watu wanaodhani watasikiwa kwa wingi wa maneno yao, na sababu anayoitoa ndiyo dawa yako: Baba yenu anajua mnayohitaji kabla ninyi hamjamwomba. Anamjua na yule uliyemruka.

Kwa hiyo nakuomba jambo litakalokuuma. Kuanzia leo, sala ya kulala iwe moja na iwe fupi. Taja kila mmoja mara moja, sema Amina, basi. Wazo likija kwamba umemsahau mtu, na litakuja, usilijibu kwa kurudia. Liambie tu, "Baba anamjua," ubaki ulivyo. Siku za kwanza utasikia vibaya mno, kama umewaacha wanao mlango wazi. Vumilia. Wasiwasi wa namna hii hupungua usipopewa unachodai, na kila unaporudia sala unaufundisha kwamba ulikuwa na haki ya kudai. Zaburi ya 121 inasema mlinzi wa Israeli hasinzii wala halali usingizi. Zamu ya usiku ina mwenyewe, binti yangu. Umekuwa ukiishika kwa miezi na wala hukuajiriwa.

Kugusa vifua vya watoto nako ni vivyo hivyo. Unapogusa unapata nafuu ya dakika chache, halafu akili inajifunza kwamba nafuu hupatikana kwa kugusa tu, inakuamsha tena. Usijaribu kuacha kwa usiku mmoja kama mtu anayefunga mfungo; utashindwa, utajihukumu. Kama ni mara tano, wiki hii ziwe tatu, tena utazame ukiwa mlangoni bila kugusa. Ukizoea, ziwe mbili. Mwisho ubaki na ile moja ya kabla ya kulala ambayo wazazi wote hufanya.

Moyo ukienda mbio tena, na kwa kuwa umeshapimwa ukaambiwa uko salama, jua kinachotokea. Mwili umepiga kengele ya hatari bila hatari. Unapumua haraka, kupumua huko kunapunguza kabonidayoksaidi kwenye damu, ndipo vidole vinakufa ganzi na kichwa kuwa chepesi, nawe unadhani unakufa na kengele inaongezeka. Hali hiyo kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kama 10, kisha hushuka yenyewe. Kaa, miguu sakafuni, toa pumzi polepole, ndefu kuliko unavyoivuta. Kama unataka andiko la dakika hizo, chukua fupi: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe," Zaburi 56. Ina kichwa kinachosema Daudi alikuwa amekamatwa na Wafilisti huko Gathi, na ukitaka kujua alivyokuwa huko soma 1 Samweli 21: alimwogopa mfalme Akishi sana, akajifanya mwendawazimu, akakwaruza milango na kuacha mate yamchuruzike ndevuni. Huyo ndiye tunayemwimba. Lakini hali ikija tofauti na ilivyokuwa, maumivu ya kifua au kuzimia, nenda hospitali bila kujiuliza.

Hata bila hayo, rudi kwa daktari, na safari hii akikuuliza kama una mawazo, mwambie unayo. Mwambie na habari za kaka yako. Kifo cha ghafla cha moyo katika familia ni jambo ambalo daktari anapaswa kulijua kwa ajili ya ndugu wote. Omba pia akuelekeze kwa mshauri nasaha anayeelewa msiba na wasiwasi. Kuna matibabu ya mazungumzo yanayosaidia sana hali kama yako, na wakati mwingine dawa. Najua kanisani wapo watakaosema ni kukosa imani. Eliya alipomkimbia Yezebeli hadi akaomba afe, malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akala tena, na maneno yakaja baadaye sana huko Horebu. Nawe ukifika mahali pa kutamani kufa kama Eliya, usisubiri miadi. Mwambie mtu aliye karibu nawe siku hiyo hiyo, na mwende hospitali.

Mumeo aambiwe. Si kesho kutwa. Anaishi na mwanamke anayetembea usiku na kukataza safari bila sababu; bila shaka ameshabuni maelezo yake, na huenda ni mabaya kuliko ukweli. Gideoni alipokaribia vita, watu 22,000 waliokuwa na hofu walirudishwa makwao. Kisha Mungu akamwambia jemadari mwenyewe: ukiogopa kushuka kambini, shuka na Pura mtumishi wako. Na Gideoni akashuka na Pura, maana yake alikuwa anaogopa! Hakufukuzwa jeshini, alipewa mtu wa kwenda naye. Mumeo anaweza kuwa ndiye anayeitikia Amina ya ile sala fupi, na ndiye anayekushika mkono ukitaka kuamka mara ya nne.

Safari ya kijana: aende. Lakini usitie saini kwa kufumba macho ukiita hiyo ni imani. Nehemia alipotishwa na maadui alimwomba Mungu na akaweka walinzi mchana na usiku, vyote viwili. Uliza shule maswali ambayo mzazi yeyote makini angeuliza: wanasafiri na chombo gani, walimu ni wangapi, watalala wapi, akiugua nani atapigiwa. Ukijibiwa vizuri, fomu irudi, na usiulize tena. Jibu likiwa baya, kwa mfano hakuna mwalimu anayelala na watoto, kataa, na utakuwa na sababu ya kumpa baba yake. Siku hizo tatu kubalianeni atapiga simu mara moja jioni. Usimpigie wewe. Atarudi na hadithi nyingi, na baadhi hutazipenda.

Kuhusu uongozi, usijiuzulu kwa hatia. Paulo aliwaandikia Wakorintho, watu aliokuwa akiwaongoza na ambao wengine walikuwa wakimdharau, kwamba alipofika Makedonia nje palikuwa na vita, ndani hofu. Aliyaandika hayo wazi, na utume hakuuacha. Tena anasema Mungu alimfariji kwa kuja kwake Tito, yaani kwa mtu aliyefika mlangoni. Akina mama wako hawawezi kukujia kama hawajui.

Ila pumziko unalihitaji, na hilo ni jambo lingine. Mwombe mmoja wao aongoze kwa muda. Waambie ukiwa umesimama pale pale unaposimamia siku zote, kwa sentensi mbili: sijamlilia kaka yangu vya kutosha, na usiku naogopa. Usiwape maelezo marefu. Mmoja wao akianza kukemea, mwache amalize, mshukuru, halafu uende kwenye miadi yako ya daktari kama ilivyopangwa. Wakikuuliza utarudi lini, sema hujui bado, na kwamba wiki ijayo utakuwepo, utakaa nyuma.

Shangazi